Mume kapanda daraja la 450, watoto wana shule: mnaishije msimu mzima?

MkeWaNambaMpya

Habari zenu. Naomba ushauri wa waliopitia, si wa wanaokisia.

Mume wangu anashindana motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye udongo, huko Marekani. Tangu tuoane alikuwa daraja la 250, la pikipiki ndogo, na wanaofuatilia wanajua kwamba kwenye Supercross, zile mbio za ndani ya viwanja, daraja hilo limegawanywa kanda mbili, Mashariki na Magharibi. Kwa hiyo kuanzia Januari hadi Mei alikuwa anakimbia kama nusu ya raundi tu. Kulikuwa na wiki za kupumua. Alimpeleka binti shule, alikata nyasi, tuligombana na kupatana kama watu wengine.

Sasa kapanda 450, daraja la juu. Hakuna cha kanda. Raundi 17 za Supercross, 11 za nje ya viwanja kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti, halafu 3 za kufungia mwaka mwezi wa Septemba. Jumla 31. Timu nayo inazungumzia tuhamie Florida iliko njia yao ya mazoezi. Mimi nina kazi yangu, binti yuko darasa la pili, na kaka yake mdogo bado ananyonya.

Nashindwa kuamua kama tuhame au tubaki. Nashindwa pia kujua kama watoto waende kwenye mbio au waangalie nyumbani, au wasiangalie kabisa. Na lililonifanya niandike leo: juzi binti kanionyesha kwenye simu ya binamu yake video ya madereva wakianguka, moja baada ya nyingine, na muziki juu yake. Akaniuliza, "Yupi ni baba?" Hakuwemo. Lakini sikuwa na jibu la swali lililofuata, ambalo hakuliuliza.

Mume anasema nitazoea. Yeye ndiye atakayekuwa kwenye ndege, mimi ndiye nitakayezoea.

GesiTele

Dada, hilo nalo swali? Hamieni Florida. Madereva wengi wako kule, jua mwaka mzima, mazoezi bila kukatika. Akili ya dereva ikitulia matokeo yanakuja, na matokeo yakija kila kitu nyumbani kinakaa sawa.

MkeWaNambaMpya

Asante. Nilisema waliopitia.

MamaVumbi

Karibu mdogo wangu. Wangu ameshastaafu. Alikimbia 450 misimu kadhaa, na mimi nililea watoto katikati ya hiyo misimu, basi nakujibu kwa marefu, vumilia.

Kwanza acha kuhesabu Jumamosi. Hizo 31 zinatisha kwenye karatasi, lakini Jumamosi ndiyo siku nyepesi kuliko zote kwa nyumba ya dereva. Kila mtu anajua yuko wapi na anafanya nini. Kinachomaliza watu ni siku sita zilizobaki.

Tazama wiki ya Supercross. Alhamisi jioni au Ijumaa asubuhi yuko uwanja wa ndege. Ijumaa ni waandishi wa habari na wadhamini. Jumamosi mchana mazoezi na mchujo, usiku mikondo mifupi ya kufuzu, halafu fainali ya dakika 20 na mzunguko mmoja juu yake, na hapo watoto wako wamelala kitambo. Raundi nyingi za Januari ziko pwani ya Magharibi, kwa hiyo ukiwa upande wa Mashariki hata wewe utakuwa unapigana na usingizi. Jumapili anarudi akiwa amechakaa hata kama hakuanguka. Jumatatu anaendesha baiskeli taratibu na kukandwa misuli. Kuanzia Jumanne pikipiki asubuhi, mazoezi ya viungo mchana. Sasa nitafutie hapo siku ambayo mwanamume huyu ni mume na baba, basi. Ni Jumapili, kuanzia anapoweka begi chini mpaka watoto wanapolala. Na hiyo Jumapili yenyewe anakuja nayo ikiwa na nafasi ya tisa kichwani.

Kwa hiyo kabla ya Anaheim, raundi ya kwanza, kaeni mkubaliane kuhusu Jumapili. Habari ya nani anasafiri na nani anabaki itafuata. Kwetu ilikuwa hivi: Jumapili hakuna video ya mbio. Kocha anatuma kipande, timu inatuma kipande, rafiki anatuma kipande, "ona kona hii ulivyoiachia", na baba wa watu amekaa sakafuni na mtoto huku macho yako kwenye kona ya Glendale. Simu ilikuwa inawekwa juu ya kabati. Kocha alinuna. Kununa hakujawahi kumwondoa mtu pointi.

La pili ni hilo la nafasi ya tisa. Mwaka wa kwanza wa 450 atamaliza wa tisa, wa kumi na mbili, wa saba, na atarudi kama mtu aliyefiwa, kwa sababu kule 250 alizoea kusimama jukwaani. Usimfariji kwa hesabu. Wake wengi tunaanza kusoma muda wa mizunguko ili tuweze kuzungumza lugha yake, na mwisho unajikuta kocha wa pili ambaye hajaajiriwa. Anao watu wa kumwambia kuhusu mizunguko, tena wanalipwa kwa hilo. Mwambie nani kang'oka jino.

Kuhusu Florida, nenda kasome mkataba kwanza, mstari kwa mstari. Kuna tofauti kati ya timu kupenda na mkataba kudai. Watu watakutajia Eli Tomac, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ya mbio amebaki Colorado na kufanya mazoezi kwao, na mwaka 2022 akachukua ubingwa wa Supercross na wa nje katika msimu mmoja. Ni kweli, lakini Tomac ana njia zake pale pale nyumbani, na ana jina la kumfanya bosi wa timu aitikie. Mumeo mwaka huu hana hilo jina. Ila pia usikimbilie kuhama Januari. Ukihamisha watoto Florida Januari, unawahamishia mahali ambapo baba yao hayupo wikendi, na umeacha watu wote wanaokusaidia. Mimi ningemwacha yeye atangulie peke yake, nyinyi mmalize mwaka wa shule.

Halafu kiangazi kiwe chenu. Hapa ndipo watu hawaoni. Msimu wa nje unaanza mwisho wa Mei, wiki chache tu baada ya Supercross kuisha, na ni mgumu zaidi kwa mwili wake: mikondo miwili siku moja, kila mmoja dakika 30 na mizunguko miwili, kwenye joto. Lakini kwa familia ni mwepesi mno kulinganisha. Mbio ni mchana. Shule zimefungwa. Mtoto anakaa kwenye nyasi, si kwenye kiti cha zege saa nne usiku. RedBud kule Michigan inaangukia karibu na tarehe 4 Julai, na ile siku hata watoto wangu ambao walichukia kelele waliipenda. Chagua raundi chache, zile ambazo hamhitaji kubadilisha ndege, umpeleke binti. Avae vizuia kelele tangu mnaposhuka kwenye gari, si mpaka pikipiki ziwashwe, kwa sababu ukisubiri ziwashwe utakuwa unapambana na mtoto anayelia huku wewe mwenyewe husikii kitu. Mdogo mwache na bibi. Mtoto anayenyonya na vumbi la njia kama Southwick haviendani, na siku nzima utaimalizia nyuma ya lori.

Jambo la mafua. Mtoto wa shule ni kiwanda cha mafua, na dereva wa 450 mwezi wa Machi amechoka kiasi kwamba kila kinachopita kinamkamata. Madereva wakubwa wamepoteza misimu kwa virusi vya Epstein-Barr na uchovu usioisha. Tulikuwa na chumba cha pili, akisikia mtu kapiga chafya anahamia huko. Mwanzoni nilikasirika nikiona anamkwepa mtoto wake mwenyewe. Sasa hivi ningeongeza na kitasa.

Hilo la binti na video sitalijibu leo. Wapo humu wanaolijua kuliko mimi, nasubiri waje.

FundiUbao

Shemeji, mimi ni fundi, ndiye yule unayemwona pembeni ya njia ameshika ubao. Niongeze ya upande wetu.

Akianguka, usinipigie simu. Sisemi kwa ubaya. Dereva wa Supercross hana redio kichwani, tunazungumza naye kwa ubao tu, kwa hiyo akiwa chini mimi najua unachokijua wewe unayeangalia televisheni, tena wewe una marudio ya picha na mimi nina tuta mbele ya macho. Wanaomfikia kwanza ni madaktari. Kisha anapelekwa kwenye kituo cha matibabu kinachotembea na mashindano, na hapo ndipo habari ya kweli inapoanzia. Timu ichague mtu mmoja wa kukupigia, si fundi, na si bosi ambaye ana madereva wengine kwenye njia. Apige hata kama ni kusema "bado hatujui". Ukimya wa dakika kumi kutoka kwa timu na kelele za mtandaoni kwa wakati mmoja, hiyo ndiyo inaua wake za madereva.

Jifunze na alama, zitakusaidia kuliko mtangazaji. Ukiona taa au bendera ya msalaba mwekundu, maana yake madaktari wako kwenye sehemu ile, na wengine hawaruhusiwi kuruka wala kupitana hapo. Inatokea kila mara, na mara nyingi mtu anainuka mwenyewe akitukana. Bendera nyekundu ni kitu kingine, mbio zimesimamishwa. Hapo shika simu.

Halafu kuna majeraha yasiyo na ajali. Denver 2023, Tomac huyo huyo aliyetajwa, anaongoza pointi, raundi moja tu imebaki baada ya ile, akatua kutoka kwenye mruko na kano ya kisigino ikakatika. Hakuanguka. Alipunguza mwendo akatoka pembeni, na ubingwa ukaenda kwa Chase Sexton. Kwa hiyo usijipe moyo kwa kusema "yeye haanguki ovyo".

Na karatasi, shemeji. Dereva si mwajiriwa kama sisi mafundi tulivyo kwenye timu nyingi. Kwa kawaida anajitegemea na bima yake anaitafuta mwenyewe. Bima nyingi za maisha zinayatoa mashindano ya magari na pikipiki kwenye maandishi madogo. Mikataba mingine inapunguza mshahara akikosa idadi fulani ya raundi. Ipo taasisi ya Road 2 Recovery ambayo huwachangia madereva walioumia na familia zao, na imesaidia watu ninaowafahamu, lakini hiyo si mpango, ni msaada. Soma sasa, kabla mtulinga haujavunjika, kwa sababu mtulinga utavunjika.

KambiYaUlaya

Kwa sisi wa MXGP, ubingwa wa dunia wa motokrosi, hali ni tofauti, naitaja kwa ajili ya wengine watakaosoma. Huku mbio za mchujo ni Jumamosi, mikondo miwili ni Jumapili, na familia nyingi zinaishi kwenye karavani pale pale walipopaki malori ya timu. Watoto wanakua pamoja, wanaendesha baiskeli matopeni, wanaokota lugha tatu bila kufundishwa. Inapendeza mpaka raundi za mbali, kama Argentina, ambako karavani haiendi, na ghafla uko nyumbani peke yako na watoto wanaouliza marafiki zao wako wapi. Na mvua. Hakuna anayekwambia kuhusu karavani, watoto na siku ya tatu ya mvua. Dada, ukishindwa kulala ukiwa na nyumba ya kuta, kumbuka sisi.

BintiWaNamba

Nimesita kuandika. Mimi ni yule binti, ila nimekua.

Baba alikuwa anakimbia tangu nizaliwe. Kitu kimoja mama alifanya vizuri: hakuniambia kamwe kwamba baba hataumia. Aliniambia akiumia nini kitatokea. Nani atakuja kunichukua shule, nitalala kwa nani, nitaongea naye lini kwa simu. Alimpeleka dada na mimi kwenye lile gari la madaktari siku ya Ijumaa, likiwa tupu, tukaona kitanda na mkasi wa kukatia nguo za mbio. Dada alipenda mkasi. Baada ya hapo nilipomwona baba anabebwa, nilijua anapelekwa wapi na kitanda kikoje.

Video za ajali zilinifikia tu, huwezi kuzizuia. Ila mama alikuwa na utaratibu: ukiona moja, njoo uniambie, tutaitazama mpaka mwisho. Zile video wanazikata pale mtu anapogonga chini. Hawaonyeshi anapokaa, anapoulizwa jina lake, anapotembea. Mama alikuwa anatafuta sehemu iliyobaki. Kama sehemu iliyobaki ilikuwa mbaya, alisema ni mbaya.

Kilichoniumiza zaidi ilikuwa kitu kingine, sijui kama kitakusaidia. Baada ya mtikisiko wa ubongo baba alikaa chumbani giza, hataki mwanga wala kelele, na hakuna aliyetueleza kwamba hilo ni sehemu ya kupona. Nilidhani amekasirika na mimi. Mguu uliovunjika una plasta, mtoto anauona, anauchorea maua. Kichwa hakina plasta. Huyo wa darasa la pili mweleze hilo mapema, akiwa mzima.

GesiTele

Nimesoma yote. Najiondoa kwenye Florida.

MkeWaNambaMpya

Nimesoma mara mbili, mara ya pili pamoja naye.

Mkataba tumeutoa kwenye droo. Hausemi kuishi Florida. Unasema awepo kwa siku za majaribio ya pikipiki zitakazopangwa na timu, na kambi ya Novemba na Desemba. Kwa hiyo yeye atatangulia, sisi tunabaki hadi shule zifungwe, na kiangazi tunaungana naye. Bima nimeanza kuisoma, FundiUbao, na nimeshakuta yale maandishi madogo uliyosema, ukurasa wa mwisho kabisa. Natafuta nyingine.

Mtu wa kunipigia tumempata, ni meneja wa malori. Mume alicheka kwamba yule hata salamu hatoi. Nikasema ndiye ninayemtaka, hatanipamba maneno.

BintiWaNamba, sina la kusema zaidi ya asante. Kichwa hakina plasta, nimemwambia hivyo hivyo. Akauliza kama anaweza kuchora maua kwenye kofia ya baba badala yake. Baba anasema kofia ni ya mdhamini. Bado tunajadiliana.

Limebaki moja, MamaVumbi. Jumapili bila video anasema haiwezekani, kwa sababu Jumatatu kocha anataka wajadili mbio nzima, na lazima awe ameshaiangalia.

MamaVumbi

Fainali ni dakika 20. Jumatatu binti akishaingia shuleni na kabla ya baiskeli, ana muda wa kuiangalia mara mbili na kunywa chai. Kama kocha anaona haitoshi, mpe jina langu la humu aniandikie.

Na kwenye kofia, achoreni kwa ndani. Mdhamini haangalii ndani.